Kasala Ambayo Mheshimiwa Aliikataa

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef de station, yaani mkuu wa redio, alinikalisha mbele ya maikrofoni iliyozimwa akaniambia nisome majina. Redio yetu ilikuwa vyumba viwili tu hapa Kolwezi, mkoani Katanga, kuta zake zimebandikwa makatoni ya mayai ili sauti isirudi mdomoni mwako. Yeye alikaa upande wa pili wa kioo, akitazama kile kimshale kinachoruka sauti inapopanda.

"Mama, weye unasoma jina ya mutu sawa vile unasoma bei ya unga," akasema. "Ule mutu anangojea jina yake toka asubui. Umupe ile jina muzuri."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tuliiita dedikasi: msikilizaji analeta ombi, nasi tunataja jina lake kabla ya wimbo. Mwanzoni watu waliomba tumsalimie mama aliyebaki kijijini, au ndugu aliyelazwa hospitali. Baadaye ombi likageuka. Shaba ilipungua, mashine zikakosa vipuri, wafanyakazi wa migodi wakakosa hata unga wao wa kila mwezi. Na kadiri watu wadogo walivyokosa, ndivyo wakubwa walivyotaka kutajwa. Wanamuziki walirusha majina ya wakubwa hao katikati ya nyimbo. Mfanyabiashara mmoja alikuja studio akifoka kwa sababu nilikuwa nimemtaja wa tatu.

Nilipumua Jumapili tu, kwa sababu ya Mama Ngalula. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, na kipindi cha mashairi kilikuwa chake. Wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine. Yeye alizaliwa hapa, na baba yake alizikwa hapa. Alitunga kasala, utenzi wa Waluba unaomwita mtu kwa kuwataja waliomzaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale walio chini ya udongo. Aliitoa kwa Kiswahili chetu ili kila mtu aelewe. Mara ya kwanza nilimwambia kwamba ni sifa zilezile za wanamuziki. Akacheka.

"Hapana, mama. Kule banasifu mutu juu bantu bamuone. Huku unamuambia: haukujizaa weye mwenyewe. Mutu akisikia kasala yake, anashusha kichwa."

Kisha ukaja wakati wa kufukuzwa. Wanasiasa walisema watu wa Kasai wamechukua kazi za wenyeji, warudi kwao, hata wale ambao hawakuwahi kupaona huko kwao. Waliitwa wadudu. Vijana walipita mtaa kwa mtaa wakitupa vitanda nje. Stesheni ya treni ikajaa, familia zililala juu ya mizigo zikingoja treni isiyofika, na watoto wakaanza kufa kwa kuhara. Mama Ngalula na binti yake Kapinga walijifungia ndani.

Chef de station wa pili, aliyekuwa ameshika nafasi ya yule wa kwanza, akanituma kwa Mama Ngalula. Mheshimiwa mmoja, mtu ambaye vijana wale walimsikiliza, alitaka kasala yake isomwe redioni, naye akiwa amekaa pale studio. Akisifiwa vizuri, mwalimu na binti yake wangeachwa katika nyumba yao.

"Umuambie asifanye kichwa nguvu," Chef akasema. "Ni maneno tu."

Nilimkuta akimenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja, habari ya baba wa Mheshimiwa.

"Tata yake alikuwa nani?"

Nilijua, kwa sababu nilikuwa na ndugu kule Kasaji, alikotoka. "Tata Kasongo. Alikuwa anapiga nyundo ku reli kule Kasaji. Alikufa masikini. Mheshimiwa hapendi bantu bataje ile jambo."

Akaweka kisu chini. "Muzuri. Nitakuja."

Mheshimiwa alifika na suti yake na watu wa kumfungulia mlango. Mama Ngalula aliingia na kitambaa cha kila siku kichwani. Niliwasha maikrofoni, naye akaanza, bila haraka:

*Weye mwenye jina yako iko mu kila kinywa,*
*nani alikuita siku ya kwanza?*
*Ni Kasongo wa nyundo, Kasongo wa Kasaji,*
*mwenye mikono ilipasuka juu ya chuma.*
*Treni ilipita, hakuna mwenye alimuuliza jina.*
*Leo reli ya tata yako njo itabeba*
*bale mutoto wake anafukuza.*

Nilimwona Mheshimiwa akishusha kichwa. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Kisha akainua mkono, na nyuma ya kioo Chef akakata sauti, akaweka muziki.

"Nani alikutuma utaje ule muzee?" Mheshimiwa akauliza.

"Nilitaja weye, tata," Mama Ngalula akamjibu. "Jina yako inaanzia pale."

Kesho yake vijana walitoa nje vitu vya Mama Ngalula na binti yake. Niliwasindikiza stesheni, mimi nimebeba sufuria, Kapinga amebeba godoro. Njiani nikashindwa kunyamaza.

"Juu ya nini haukusema tu bile alitaka? Mungebaki!"

"Kama nikificha bantu bake benye balikufa," akasema, "nani ataniamini nikitaja bangu?"

Pale stesheni hakupumzika. Alikwenda kwa mama aliyefiwa na mtoto, akamuuliza jina la mtoto, jina la bibi yake, jina la mama wa bibi, akayaita yote kwa sauti, kisha akaenda kwa mwingine. Hakuna redio iliyorusha sauti ile. Treni ilipokuja hatimaye, niliona kitambaa chake tu mlangoni, katikati ya vichwa vya watu.

Mimi nilirudi kusoma dedikasi. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Miaka mingi baadaye Kapinga alirudi hapa akiuza vitenge. Alinieleza kwamba kule Kasai waliitwa watu wa Katanga, wageni tena. Mama yake alipofariki, hakuna jirani aliyejua ukoo wao. Ikabidi yeye mwenyewe asimame penye kaburi amtolee kasala. Alimtaja mama, akamtaja bibi, akakwama. Watu wakangoja kidogo, kisha wakaanza kufukia.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza redio ya zamani ilikuwaje, huku wakitazama kwenye simu ni wangapi wamewaona leo. Barabarani wazee wachache bado wanaitambua sauti yangu, na zamani hilo lingenifurahisha sana. Lakini tangu Kapinga aniambie habari ya kaburi lile, nimejipima. Maisha yangu yote ya kazi nimetaja majina ya watu, na mama wa bibi yangu simjui.

Kwa hiyo nakwenda Mutshatsha kila nikipata nafasi, kwa shangazi yangu, wa mwisho aliyebaki. Anasahau sana. Mara nyingi ananiuliza mimi ni mtoto wa nani, nami namweleza, naye analala. Juzi nilipokuwa naaga alinishika mkono, akanipa jina moja, la mama wa bibi yangu. Nilimuuliza jina la mama wa huyo. Akasema hilo limekwenda.