Karatasi ya Kanisa Haikuuliza Mdomo

Mchungaji wetu wa Thika hafungishi ndoa bila karatasi za daktari za vipimo vya damu. Jumapili ile, siku sita kabla ya harusi yetu, alifungua bahasha zote mbili, akasoma, akatabasamu. "Mko sawa. Sasa muwe waaminifu tu."

Mchumba wangu alinibana mkono nje ya ofisi. "Umeskia? Sisi tuko clean kabisa!"

Nilicheka naye, ila mdomo wangu wa juu ulikuwa unawasha tangu asubuhi.

Mwasho huo naujua tangu darasa la nne. Asubuhi unawasha, jioni unafura, kesho una malengelenge. Cucu, nyanya yangu, alisema ni homa inatoka mwilini, akanipaka chumvi nikapiga nduru. Kuambukiza? Niliwahi kusikia, nikajifanya sijasikia. Tulipofika kwangu Ngoingwa, nikajiambia siwezi kumnyima mtu busu siku ya furaha kama ile. Nikambusu, tena si mara moja.

Jumatatu malengelenge yalikuwa yametokeza. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, na barakoa tunavaa zamu nzima, kwa hivyo nilidhani hakuna atakayeyaona. Lakini nesi wa kiwanda hukagua mikono na midomo yetu mlangoni. Aliniondoa kwenye mashine akanipeleka stoo ya maboksi mpaka kidonda kikauke.

"Una mtu?" akaniuliza.

"Naolewa Jumamosi, sista."

Alinikalisha. Akasema hicho ni kirusi. Kinaambukiza hata kabla ya malengelenge, mwasho ukianza tu, na mara nyingine hata pasipo na dalili yoyote. Tena si mdomo kwa mdomo pekee. Mdomo ukishuka huko chini, kinaweza kumshika mwenzako huko chini. "Haki wengi wetu tunacho, na si kifo. Lakini kikiingia hakitoki. Mwambie. Mficha uchi hazai."

Nilikunja maboksi hadi zamu ikaisha. Biskuti zilikuwa zimekingwa dhidi ya mdomo wangu, mchumba wangu bado. Niliogopa ataniuliza nilikitoa kwa nani. Niliogopa mama yake. Zaidi ya yote niliogopa ile Jumapili, maana nilikuwa nimeshambusu na busu halifutiki. Kwa siku tatu nilimdanganya kwamba nimefunga, naombea harusi, asije. Namshukuru Mungu hakunipiga kwa radi.

Alhamisi nikitoka kazini nilienda kwake Ruiru nikiwa na barakoa usoni. Alifungua mlango akacheka.

"Wee, korona si iliisha? Toa hiyo kitu nikuone."

Nikaitoa. Kicheko chake kikakatika. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: homa ya cucu, chumvi, nesi, na mwasho wa Jumapili.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alipeleka kidole kwenye mdomo wake wa chini, akakiacha hapo.

"Tangu jana hapa pananiwasha," akasema polepole. "Nilikuwa nalaumu wembe wa kinyozi."

Nilimsogelea nikaona vipele viwili vidogo vinavyong'aa. Nilimwambia nesi amesema kuna dawa, akiianza mapema kidonda kinakauka haraka.

"Jumapili ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nasikia kuwasha."

"Sijakuuliza hivyo."

"Nilijua," nikasema.

Alikaa kitandani, suti yake ya harusi ikining'inia ukutani nyuma yake. "Karatasi yangu ilikuambia yote," akasema. "Yako iliniambia tu yale mchungaji aliuliza."

Alinisindikiza hadi steji ya matatu, na ile Ijumaa nzima simu yangu haikulia. Nilivaa gauni Jumamosi bila kujua kama nitamkuta kanisani.

Nilimkuta. Mchungaji alipomruhusu ambusu bibi harusi, wamama walianza vigelegele. Aliinua shela, akanitazama mdomoni, kisha akanitazama machoni, muda mrefu mpaka vigelegele vikapungua. Akageuza uso akaweka shavu lake juu ya langu. Kanisa lilicheka, wakadhani ni aibu.

"Kuanzia leo," akaninong'oneza, "uniambie ikianza kuwasha."

Nikaitika.