Besi ya Mkuu wa Homugadi

Wanafunzi wa marehemu mdogo wangu hunijia huku Embu na vinasa sauti vyao. Chuo kikuu walimjua kama profesa wa muziki, mtu wa tai na mvi, aliyekufukuza darasani ukiimba vibaya hata kama baba yako ni waziri. Wanataka kujua ukali ule aliutoa wapi. Huwaambia aliutoa tumboni mwa mama, mimi nilikuwepo. Hawaridhiki, basi nawapikia chai na kuwasimulia habari ya kibali.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, Mwingereza akipigana na Mau Mau. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, na kila asubuhi sisi wanawake tulichimba matuta ya serikali. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea muziki Kampala. Lakini siku zile Mwembu hakwenda popote bila kibali, na kibali kilitaka muhuri wa mkuu wa homugadi, wale walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali. Mkuu wetu alikuwa na kifua kipana, bunduki, na mbuzi walioongezeka bila kuzaa.

"Nitapiga muhuri," alimwambia, "lakini Bwana DC akija akute kwaya. Na mimi niwe ndani."

Wanaume wengine walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo besi, ile sauti nzito ya kiume, ikawa mkuu na askari wake. Mdogo wangu akauchukua wimbo wetu wa kulima, akautia maneno ya adabu. Cucu mmoja, bibi kizee jirani yetu mwenye sauti ya kuongoza, angeuliza, "Nani atalinda kijiji?" na besi ijibu, "Ni mimi!" "Nani atabeba mawe?" "Ni mimi!" Hakuna kunyamaza mpaka mwalimu ashushe mkono. Aliyenyamaza mapema alirudishwa mwanzo, awe na bunduki asiwe nayo.

Alichosahau mdogo wangu ni kwamba kwetu anayeongoza wimbo wa kazi hafungwi na maneno. Huimba anachokiona, na hashtakiwi. Kumpa Cucu maneno ya kukariri ni kama kumwachia mbuzi shamba la maharagwe ukimwomba asile.

Siku ya DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, Cucu alianza vizuri. Kijiji kikalindwa, mawe yakabebwa. Kisha akamtazama mkuu, shingo ikamnyooka, nikajua tumekwisha.

"Nani alikula mbuzi wa mjane?"

"Ni mimi!" ikanguruma besi.

"Nani hujificha chooni risasi zikilia?"

"Ni mimi!"

Mkuu alitoa macho, lakini mdomo uliendelea, maana mkono haujashuka. Nilimkonyeza mdogo wangu aushushe. Alikuwa amefumba macho, mjinga yule, anasikiliza. DC, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiembu, alipiga makofi. "Mzuri sana! Imba tena!" Mbuzi wa mjane akaliwa upya.

Kesho yake mkuu akapiga marufuku wimbo ule. Na kibali? "Kibali gani?" Nililia kwa hasira. Cucu akatuambia tutii tu, tena tutii kabisa. Basi tukachimba kimya, kila jembe likishuka kwa wakati wake, na tuta likagoma kusogea. DC akaanza kuulizia kazi. Mkuu akamwendea Cucu, akaambiwa koo limekauka, na litalainika mwalimu akipata kibali chake.

Mdogo wangu akaitwa ofisini. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, na kikapu cha viazi vya safari. Nilimwona mkuu akiinua muhuri, akasita.

"Mwalimu, niambie ukweli. Niliimbaje?"

Nilimwomba Mungu ampe kijana yule akili ya kusema uongo. Neno moja tu, "Vizuri," na Kampala ni yake.

"Ulishusha sauti kila mwisho," akasema. "Ukawavuta wote chini."

Nilisikia kiti kikisukumwa, halafu hatua za mtu mzito.

"Nionyeshe," mkuu akasema.

Basi wakaimba mle ndani, mlango umefungwa. Mdogo wangu aliuliza maswali ya Cucu yote, bila kuruka hata lile la choo, na mkuu akakiri mbuzi wa mjane tena na tena, hadi alipokiri bila kushusha sauti. Ndipo nikasikia muhuri ukigonga meza.