Viazi Kwenye Pilau

Miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika, tulikuwa watu wanne tukiuza mashati Temeke, kwenye turubai moja. Hatukuwahi kupishana kwa jambo lolote. Timu yetu moja, msikiti mmoja, na siasa za vyama vingi zilipoingia, wote tulizishangaa vilevile. Mpaka siku niliyofungua mdomo.

Tulikuwa tumerudi kwenye turubai letu kutoka shughuli ya jirani, tulikolishwa pilau. Mie, huku nachokonoa meno, nikasema, "Pilau yenye viazi si pilau. Ni njia ya kuwapunja wageni nyama."

Nilidhani watacheka. Mkubwa wetu, Mzaramo tuliyemwita mjomba, akaweka chini shati alilokuwa anakunja, akauliza taratibu kama namaanisha marehemu mama yake alikuwa akipunja watu. Mwenzetu wa Kiarabu akasema kwao kiazi ndicho kinachogombewa. Wa mwisho, Mmakonde, akaniunga mkono kwa ukali kuliko mie mwenyewe. Kufikia alasiri tulikuwa na maturubai mawili.

Ukweli ni kwamba maneno yale niliyasikia kwa mteja mmoja wa Kinondoni, nikayapenda. Lakini kurudi nyuma niliona aibu, kwa hiyo nikawaalika wote Ijumaa waje kuonja pilau ya kweli.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na anapika nani?"

"Si wewe?"

"Mie naitiaga viazi, baba watoto. Na wewe ndiye unayevimaliza."

Akanikabidhi sufuria, akaenda kusuka nywele kwa jirani.

Ijumaa wageni walikuta pilau iliyoungua chini na mbichi juu. Mjomba alitafuna matonge mawili kwa adabu, akasema nyama kweli ipo nyingi. Kisha akamwomba mke wangu, kwa heshima zote, chochote cha kushibia. Mke wangu akaleta bakuli la viazi vya nazi, vya moto, alivyokuwa ameshavipika bila kuniambia. Mmakonde wangu alikula, akaongeza, kisha akaniona mie ndiye ninayevimaliza.

Kesho yake turubai likatandikwa moja, na hakuna aliyeomba radhi. Mjomba alinitania wiki nzima. Aliyeninunia ni yule Mmakonde. Alisema angekuwa anajua simaanishi, asingemkosea adabu mtu mzima kwa ajili yangu. Nikaendelea kukunja mashati.