Kuku Waliofungwa Kama Mzigo

Watu wa Dengfeng, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, walikuwa na mazoea ya kuniambia kwamba Mwafrika haijui baridi. Wachina wakisema hivyo nilivumilia. Lakini nilipoambiwa na Waafrika wenzangu, waliovaa makoti mawili mawili na bado wanatetemeka, nilikasirika, na nikikumbuka nakasirika tena. Mimi nimezaliwa Makete. Mwezi wa sita kule nyasi huamka nyeupe, na maji ya kuku kwenye kigae hushika utando wa barafu. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kuuvunja kwa kidole. Shule niliiacha darasa la sita, ila kuku nilikaa nao mpaka nilipoondoka nyumbani.

Guangzhou nilifika nikimfuata mfanyabiashara mmoja aliyetaka mtu wa kumbebea mizigo kwenye maduka ya nguo ya Shisanhang. Yeye alimaliza kununua akarudi. Mimi nikabaki, kwa sababu kulikuwa na mitaa mingi ambayo sijaitembea.

Nilipata chumba juu ya paa la nyumba ya mjane mmoja wa Kihakka, kabila la Wachina wa kusini. Sote tulimwita ayi, kama unavyomwita shangazi mtu usiye na undugu naye. Vyumba vya chini alivipangisha kwa wafanyabiashara wa kutoka kwetu na Kongo. Cha kwangu kilikuwa kidogo, kimebanana na banda la kuku wake, na makubaliano yalikuwa kwamba nikae humo na niwatunze kuku.

Walikuwa mitetea kumi wa rangi ya manjano. Binti yake alipomwambia ana mimba, ayi alinunua vifaranga wiki hiyohiyo. Nilimuuliza kwa nini, maana mimi kila kitu huuliza, akanieleza kwa Kichina cha polepole na kwa vidole. Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani mwezi mzima, na chakula chake ni kuku aliyepikwa kwa tangawizi na pombe ya mchele. Na si kuku wa sokoni aliyenoneshwa haraka chini ya taa. Anatakiwa mtetea aliyelelewa nyumbani, aliyeanza kutaga, aliyelishwa na mtu unayemjua. Kuku mmoja siku tatu. Kuku kumi, mwezi.

Basi nikawalea kama kwetu. Asubuhi pumba iliyokorogwa na maji ya moto, pamoja na majani ya kabichi yaliyotupwa na wauza mboga wa mtaani. Mchana chenga za mchele. Ulipoingia ule msimu wa baridi ambao hata wenyeji waliulalamikia, mvua nyembamba ikinyesha wiki baada ya wiki, nikaongeza punje za mahindi jioni kabla hawajapanda kulala, kwa sababu mahindi hukaa tumboni na kumpa kuku joto mpaka kunakucha. Chini niliweka maranda kutoka kwa fundi seremala, nikiyageuza kila siku yasilowe. Upande wa upepo niliegemeza ubao. Juu, chini ya bati, niliacha uwazi wa upana wa kiganja. Kuku mkavu huistahimili baridi. Kinachomuua ni unyevu, na unyevu mwingi anautoa yeye mwenyewe kwa pumzi na kinyesi. Ule uwazi ndio mlango wake wa kutokea.

Ghorofa ya chini yangu alikaa mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu wa suti, shemasi kanisani kwao, mwenye Kifaransa cha shuleni na Kichina kizuri kuliko changu. Mimi nilimwita Papa. Ayi alimwita laoban, bosi, na kila alipomwona alijipangusa mikono kwanza. Mimi aliniita Mrefu.

Papa alisifika kwa kufunga mizigo. Wenzake walimwita aje kufunga ya kwao: alikunja jinzi, akazungushia nailoni, akapiga solotepu tabaka juu ya tabaka, na belo lake lingeweza kuelea mtoni hadi likaokotwa kavu. Ule uwazi wa banda ulimkera.

"Weye mwana, unaacha baridi iingie vile?" aliniuliza siku moja, akiwa amesimama na mwavuli.

"Ni ya kupumulia, Papa."

"Kupumua ni kitu gani? Mu baridi hii hata miye sipumui."

Nilicheka. Niliona ni mzaha.

Kisha habari zikaja kwamba kaskazini theluji imezuia treni na watu wamejaa kituo kikuu cha jiji letu, kule Liuhua, wakisubiri kurudi makwao kwa mwaka mpya wa Kichina. Nilitaka kuona. Sikuwa na safari wala mtu wa kumpokea, nilitaka kuona tu umati wa namna hiyo unakaa vipi, unakula nini, unajisaidia wapi. Nikamwomba Papa awape kuku mahindi jioni na kuwabadilishia maji. Mambo hayo mawili, sikumwomba la tatu. Nilizunguka kituoni siku nzima kwenye mvua kati ya vichwa na mabegi, nikalala kwa rafiki yangu huko huko, na nikarudi kesho yake asubuhi.

Banda halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mzigo. Papa alikuwa amelizungushia nailoni nyeupe kutoka sakafuni hadi juu ya bati, akalipiga solotepu ya kahawia kwenye kila pembe, tabaka tatu au nne, kazi safi kabisa. Ubavuni, kwa mazoea ya mkono, alikuwa ameandika kwa makapeni alama ya mizigo yake, herufi mbili na mshale wa kuonyesha upande wa juu.

Hakukuwa na sauti ya kuku hata mmoja. Nilitoa kisu nikapasua. Hewa iliyotoka ilinichoma macho, harufu kali kama ya mkojo wa siku nyingi, na ndani ya nailoni maji yalikuwa yanatiririka kama kwenye ukuta wa bafu. Maranda yalikuwa uji. Watatu walikuwa wamekufa, wamekakamaa, manyoya yamegandamana. Saba walikuwa wamekaa midomo wazi, wamelowa kama waliotumbukia kisimani.

Papa alipanda aliposikia nikipasua.

"Unaharibu kazi yangu?"

"Papa, umewaua."

"Miye nafunga marchandise tangu miaka kumi na tano. Hakuna belo yangu hata moja ilishaingia maji."

"Jinzi hazipumui, Papa. Kuku wanapumua."

"Na weye ulikuwa wapi?"

Ayi alikuwa ameshafika juu na mwavuli wake. Alitazama nailoni iliyochanika, akatazama kuku watatu chini, na akili yake ikaunganisha mambo kwa mpangilio uliokuwa rahisi kwake.

"Mrefu, umefungua. Baridi imeingia. Wamekufa."

Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya mmoja wa wale waliokufa, aone alivyokuwa mgumu, aone kwamba huyu hakufa sasa hivi. Aliuvuta mkono. Akamgeukia laoban. Na yule shemasi, kwa Kichina chake kizuri, akamwambia kwamba kijana alikwenda kutembea akawaacha kuku kwenye baridi, na yeye kwa huruma akajaribu kuwaokoa, akachelewa. Nilielewa kila neno. Kujibu ndiko kulikonishinda. Nilikuwa na Kichina cha kuuliza vitu vinaitwaje, sikuwa na Kichina cha kujitetea. Nikabaki nikisema "hapana, hapana" kama mwizi aliyekamatwa, na ayi akimwinamia yule mtu kichwa na kumshukuru.

Niliwabeba wale saba chumbani kwangu. Niliwafuta mmoja mmoja kwa shuka langu, nikatandika makatoni sakafuni, nikaacha dirisha wazi upana wa vidole vinne. Papa alishauri kupitia mlangoni niwawashie jiko la mkaa. Nilifunga mlango. Mmoja macho yake yalikuwa yamefumba kwa ule ukali wa hewa, nikayaosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni mpaka akayafungua. Nilibadilisha makatoni mara mbili kwa siku. Mimi nililala nimekaa, na koti, na kuku mmoja aliyeamua kwamba mahali pake ni juu ya miguu yangu. Siku ya sita mmoja alitaga ndani ya kiatu changu.

Jumapili moja mama wa Mwanza aliyekaa ghorofa ya pili aliniambia kwamba kanisani Papa alikuwa amesimulia namna Mungu alivyomtumia kuokoa kuku saba wa mjane.

"Na wewe alikutaja," alisema mama huyo. "Alisema tukuombee uache uzururaji."

Binti alijifungua wiki iliyofuata, mtoto wa kike. Ayi alipanda na kikapu kuchukua kuku wa kwanza. Alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia makatoni, dirisha, punje za mahindi kwenye kopo. Aliinama akapitisha kiganja chini ya bawa la mmoja, akagusa ngozi, ikawa kavu na ya moto. Nilidhani sasa ataelewa. Nilikuwa nimeshajiandalia sentensi, nimemuuliza mwuza simu wa chini anitamkie kila neno: nailoni ndiyo iliyowaua, si baridi.

Niliisema. Ayi alisikiliza hadi mwisho.

"Ungekuwepo," aliuliza, "laoban angeweza kufunga?"

Nilifikiri kuhusu Liuhua, na vile vichwa vyote kwenye mvua ambavyo havikuwa vimenihitaji.

"Asingeweza."

Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akachagua mtetea mnene, akamshika mabawa na kushuka naye. Wale kuku saba walitosha hadi siku ya ishirini na moja. Wale wa siku zilizobaki alinunua sokoni, na kila aliporudi kutoka kwa binti yake alipanda mpaka mlangoni kwangu kuniambia kwamba binti amesukuma bakuli, amesema mchuzi hauna ladha.