Shingo ya Mjukuu Wangu

Leo binti yangu amenifundisha kulea mtoto, mbele ya majirani wote wa Mafubira!

Mnanijua. Mimi nimelinda jela Mbale miaka mingi, hata baridi ya mlimani ikishuka ilikuwa inanipigia saluti. Baridi gani tena nitaogopa?

Basi huyo binti, Nambozo, akapiga simu ya video kutoka Kanada. Nje theluji tupu. Na mjukuu wangu, miezi minne, amelala kwenye kigari, uso wazi!

Nikapaza sauti: "Nambozo! Funika huyo mtoto blanketi mpaka kichwani, haraka!"

"Baba, nikimfunika uso atapumua wapi?"

Majirani wakasogelea simu.

"Amevaa nguo nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, na kofia. Tunatembea kidogo tu, tunarudi ndani."

"Na mikono? Si imeganda?"

"Mikono ya mtoto inadanganya, Baba. Ukitaka kujua kama ana joto, unagusa nyuma ya shingo."

Mama Rehema, jirani yangu, akaangua kicheko: "Afande, leo umepigishwa gwaride!"

Nikacheka na mimi. Halafu nikasema polepole, "Basi mguse."

Akavua glavu, akaingiza vidole. "Kuna joto, Baba. Joto kabisa."

Banange, jamani! Shingo hiyo mimi sijaigusa hata siku moja.

Nyinyi mlio na mtoto mchanga hapo karibu, hebu mguseni shingo sasa hivi, mniandikie hapa chini ikoje.