Programu Isiyo na Parrain

Baba yangu alikuwa katibu wa parokia kwa miaka mingi, na kazi hiyo haikumtoka hata alipostaafu. Ndiye aliyekuwa akiandika ubatizo katika kitabu kikubwa: jina la mtoto, jina la wazazi, jina la parrain, yaani baba au mama wa ubatizo. Mtoto asiye na parrain alirudishwa nyumbani, alie asilie. Kwa hiyo siku nilipomkabidhi ulinzi wa kompyuta yetu ya nyumbani, yaliyofuata nilijitafutia mwenyewe.

Nilikuwa nimechoka. Natia mega za intaneti katika modem Jumatatu, Jumatano zimekwisha, na hakuna aliyefungua kitu. Mwenzangu wa kazini akanieleza kwamba programu zenyewe ndizo zinazotoka kimya kimya kwenda mtandaoni. Akaniwekea pare-feu, mlinzi wa mlango wa kompyuta: programu ikitaka kutoka, kidirisha kinafunguka na kuuliza kama iruhusiwe au izuiwe. Mimi asubuhi nateremka vilima vya mtaa wetu wa Kadutu kwenda ofisini na kurudi jioni. Anayebaki na kompyuta ni papa, baba yangu, akisoma habari. Nikamwambia kidirisha kikimuuliza, ajibu yeye.

Kesho yake nilikuta ameshapiga mistari katika kaye, daftari lake. Safu ya kwanza, jina la programu. Ya pili, mzazi wake, maana kidirisha kinataja aliyeitengeneza. Ya tatu, parrain.

"Parrain wa nini, papa?"

"Mutu wa hapa nyumbani mwenye anaijua na anaweza kuisemea. Kama hakuna, inabaki ndani."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana tulikaa mezani kusikiliza kesi, papa na kalamu yake, mimi na hasira zangu, na maman pembeni akichambua mboga za lengalenga kama vile hasikii. Nikiri sasa kwamba zile Jumamosi nilizipenda kuliko nilivyoonyesha.

"Muchezo wa karata," papa alisoma. "Unataka kutoka. Unaenda kuongea na nani?"

Karata zikazuiwa. Programu ya kukinga virusi niliisemea mimi, ikapita. Ya hali ya hewa haikupata mtetezi, kwa sababu sisi mvua tunaiona ikivuka ziwa hadi tunaanua nguo. Ikafika zamu ya imprimante, mashine ya kuchapisha.

"Hii haina wino tangu Pasaka," papa alisema. "Inafwata nini inje?"

"Pengine inaenda kutafuta wino," maman alijibu bila kuinua kichwa.

Papa alivua miwani, akacheka mpaka akakohoa. Imprimante ilizuiwa vilevile. Na lazima niseme ukweli: mega zilianza kufika Jumapili.

Jumapili moja hasa ndiyo tuliyokuwa tunaihifadhia mega. Dada yangu yuko Bulaya na mume wake, na mwaka ule walipata mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza kwetu. Walimchagulia jina la maman, na Jumapili hiyo angebatizwa. Maman hakuwa amemwona dada kwa miaka mitano isipokuwa kwenye picha, na macho yake siku hizi hayaoni vitu vidogo, kwa hiyo simu yangu haikumsaidia. Alitaka kioo kikubwa cha kompyuta. Na alitaka jambo moja tu, amelirudia wiki nzima: asikie padri akilitamka jina lake juu ya kichwa cha mtoto.

Alhamisi dada alinitumia programu ya video wanayotumia kule. Niliiweka haraka haraka, courant ya umeme ikiwa inapepesa, nikaifunga bila kuijaribu. Nilijiona fundi. Jumamosi ile hatukukaa mezani kusikiliza kesi, kwa sababu ya maandalizi ya sikukuu.

Jumapili maman alirudi kutoka misa ya kwanza, hakuvua kikwembe, kitenge chake cha sikukuu. Aliketi mbele ya kompyuta, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Ubatizo ulikuwa saa tano. Saa tano kasoro robo nikafungua programu, ikaniambia hakuna mtandao.

Niliizima, nikaiwasha. Nilichomoa modem, nikaipeleka dirishani, nikainyanyua juu kuelekea ziwa. Nilitukana réseau ya mtandao, nikatukana milima, nikamtukana hata mwenzangu wa kazini ambaye alikuwa kwake anakula. Ujumbe wa dada ukaingia kwenye simu: "Tumeshaingia kanisani. Maman yuko wapi?" Maman alikuwa anakunja na kukunjua leso, na mimi niliona uchungu ule, nikazidi kupayuka.

Papa aliondoka taratibu, akarudi na kaye, akaisoma akiwa amesimama.

"Ijumaa. Programu ya video. Mzazi: hajulikani kwetu. Parrain: hakuna." Akashusha kaye. "Niliizuia. Tena nilibonyeza 'siku zote'."

"Papa!"

"Hukuisemea! Weye uliileta, ukaenda."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nilifungua orodha ya zilizozuiwa, nikaikuta pale kati ya karata na imprimante. Nilikuwa naenda kubonyeza, papa akaweka mkono juu ya mkono wangu. Nadhani hata yeye aliona aibu, lakini miaka yote ile ya parokia ilikuwa inamshika shati.

"Tuandike parrain kwanza."

Kabla sijapasuka, maman alisimama.

"Uniandike miye."

Papa akamtazama juu ya miwani. "Unaijua hii programu?"

"Siijue. Lakini mutoto wangu iko nyuma yake, ananiita. Andika."

Papa aliandika jina lake lote, lile la ubatizo na lile la nyumbani, kwa mwandiko wa kitabu kikubwa. Kisha akamsogezea kipanya. Maman hakuwa amewahi kukigusa. Alikishika kwa mikono miwili, nikamwonyesha neno "Ruhusu", akabonyeza kwa nguvu kana kwamba anaponda pilipili.

Kioo kikajaa kanisa. Shemeji alikuwa ameshika simu karibu kabisa. Tuliona nywele za dada, gauni jeupe, na kiatu kimoja kidogo kikipiga teke hewani. Padri alikuwa ameinama. Dada akasema jina, na padri akalirudia kwa sauti, polepole, akilitafuna kidogo kwa ulimi wa kule.

"Niko hapa," maman aliitika.

Aliitika kwa sauti yake ya sokoni, na kule simu ilikuwa wazi. Kanisa zima liligeuka. Padri aliinua kichwa akitafuta aliyesema, na dada, mtoto mikononi, akaanza kulia na kucheka pamoja. Padri akatabasamu, akamwagia mtoto maji.

Nilimkumbatia maman, nikasahau kwamba nilikuwa na hasira na mtu. Papa hakuwa ameketi bado. Alikuwa ameegemeza kaye ukutani, anaandika saa na dakika ya ubatizo, na ilibidi aandike mara mbili kwa sababu machozi yaliangukia mstari wa kwanza.