Pumzi Moja Kabla ya Kuachia

Pale kwenye kiwanda cha viti, mama wa gundi hujulikana kwa vidole vyake, vinavyobanduka kama maganda ya kitunguu, na kwa mazoea yake ya kusemesha vitu. Msumari ukipinda huuambia, "Pole, mwenzangu." Miaka yote amekandamiza miguu ya viti kwa mkono wa kulia, hadi bega likagoma, hata aproni yake akawa anatundikiwa na wenzake, maana msumari wa ukutani uko juu. Ulipoletwa mkono wa roboti wa kufanya naye kazi meza moja, watu walinong'ona kwamba unga wake umeshamwagika. Yeye aliushika kifundo, kama amshikavyo mjukuu anayejifunza kuandika, akauongoza: paka gundi, chomeka mguu, kandamiza. Hapo bega likamchoma, akatulia apumue kabla ya kuachia. Roboti ikashika yote, hata pumzi ile.

Fundi mitambo alipoiona inakawia, alicheka. "Mama, umeifundisha na uvivu!" Akaifuta ile pumzi. Kufikia mchana viti vilichezacheza kama meno ya mtoto, kwa kuwa gundi haikupata muda wa kushika. Fundi akarudi anakuna kichwa. "Mama, hebu ifundishe tena kupumua." Akaifundisha, bila kumcheka. Tangu hapo roboti hukandamiza, yeye hupaka na kukagua. Jana, miezi mitatu baadaye, kengele ya kutoka ilipolia, mwenzake alinyoosha mkono kupokea aproni kama kawaida. Mama wa gundi akampita, akaitundika mwenyewe.